Nabongo Mumia na Tafsiri ya Cheo

Makala haya yanauchunguza utawala wa Nabongo Mumia wa Wanga (1882–1949) kwa jicho la mhakiki wa fasihi. Hoja yetu ni kwamba sehemu kubwa ya mgogoro wa utawala huo ilitokana na tafsiri: jina la Kiwanga lilipewa maana ya kigeni, kisha maana hiyo ikalazimishwa kwa watu wasioijua.

Mumia alimrithi babake, Shiundu, mwaka 1882. Ufalme aliourithi ulikuwa umedhoofika. Ulikuwa umegawanyika, kwani Wanga Mukulu ilikuwa na mtawala wake, na majirani zake, yaani Wabukusu, Wateso na Wajaluo wa Ugenya, walikuwa wakipigana nao mara kwa mara. Kwa hiyo Mumia aliwakaribisha wageni. Wafanyabiashara Waswahili waliokuja kutafuta pembe za ndovu walikuwa na bunduki, nao ndio walioleta huko Uislamu na lugha yetu. Joseph Thomson alifika mwaka 1883, na Askofu James Hannington akapitia huko mwaka 1885, akielekea Busoga alikouawa. Katika maandishi ya wasafiri, Mumia anaonekana kama mwenyeji mkarimu wa njia ya misafara. Tusisahau, hata hivyo, kwamba msafiri humsifu aliyemlisha.

Mwaka 1895 C. W. Hobley alianzisha utawala wa Waingereza katika makao ya Mumia. Mwaka huohuo Wabukusu walishambuliwa katika ngome za Lumboka na Chetambe, na wapiganaji wa Wanga walikuwa upande wa Waingereza. Tukio hilo lina masimulizi mawili. Kwa Wawanga, lilikuwa tunda la urafiki uliouokoa ufalme. Kwa Wabukusu, Chetambe ni jina la msiba na la ushujaa. Hakuna simulizi kati ya hizo inayoweza kuitwa ya uongo. Kila moja ina msimulizi wake, hadhira yake na jeraha lake.

Mwaka 1909 serikali ya kikoloni ilimtangaza Mumia kuwa Chifu Mkuu. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Nabongo ni cheo cha ukoo, chenye miiko na alama zake, ikiwemo bangili ya shaba, na nguvu zake hutegemea ridhaa ya wazee. Chifu Mkuu ni cheo cha ofisi. Nguvu zake hutoka kwa serikali. Waingereza waliyachukulia majina haya mawili kuwa visawe. Matokeo yake ni kuwa ndugu za Mumia walipewa mamlaka nje ya Wanga: Mulama kwa Wamarama, Murunga kwa Wabukusu. Jamii hizo zilikuwa na viongozi wao wa koo, wala hazikuwahi kumtambua Nabongo kuwa mfalme wao. Kodi ya kikoloni ikadaiwa kwa mkono wa Mwanga, na chuki ikamwelekea Mwanga.

Aliyeinuliwa na tafsiri hiyo aliangushwa nayo pia. Makao ya wilaya yalihamishiwa Kakamega mwaka 1920, na mwaka 1926 Mumia akastaafishwa. Cheo cha ofisi kilikwisha kwa amri ya ofisi. Unabongo haukuweza kufutwa kwa namna hiyo. Mumia aliendelea kuitwa Nabongo hadi alipofariki mwaka 1949, na cheo hicho kingalipo Wanga.

Kumwita Mumia msaliti tu, au mwanadiplomasia mwerevu tu, ni kuifuata tafsiri ya 1909 bila kuihoji, kwa kuwa pande zote mbili humpima kama mtawala wa Waluhya wote, jambo ambalo hakuwa. Mwanafunzi anayekusanya masimulizi ya Mumias hana budi kuyasikiliza pia yale ya Bungoma na Butere, na kwanza kabisa aulize: neno hili lilimaanisha nini kwa waliolitamka kabla halijaandikwa?