Makumi Mbili

Kabalagala ni mtaa wa baa, na baa huacha vizibo. Vya soda, vya bia, kila asubuhi vimejaa barabarani, na watoto wetu wa Kikongo wanaviokota bure kuhesabia. Wasikilize: moya, mbili, tatu, ine, tano, sita, saba, munane, kenda, kumi. Wakifika kizibo cha ishirini, wengi wanasema makumi mbili. Hapo mkubwa mmoja aliyesoma Kiswahili cha Nairobi au Dar anawakatiza: "Si hivyo! Sema ishirini."

Ndugu msomaji, kabla ya kumkatiza mtoto, tuangalie maneno haya yametoka wapi.

Waswahili wa pwani hapo zamani walihesabu kwa maneno ya Kibantu matupu. Sita iliitwa tandatu, saba fungate, tisa kenda. Fungate bado mnaijua, ila leo ni ya maharusi: zile siku saba za baada ya ndoa. Kuishi na kufanya biashara na Waarabu ndiko kulikoleta sita, saba na tisa, pamoja na ishirini, thelathini, arobaini mpaka tisini, na mia na elfu juu yake. Moja hadi tano, nane na kumi zikabaki za nyumbani. Halafu katika karne ya 19 misafara ya kutoka Zanzibar, ile ya akina Tippu Tip, ikakifikisha Kiswahili Kasongo na Kisangani, na watu wa huko wakakisema kwa namna ya lugha zao. Ndiyo maana kenda, ambayo pwani leo utaikuta zaidi kwenye kamusi, kwetu iko mdomoni mwa mtoto.

Na Waganda je? Ishirini kwao ni amakumi abiri, nane ni munaana, tisa ni mwenda. Yaani mtoto wa Bukavu akicheza na mtoto wa jirani hapa, hesabu zao ni ndugu.

Faida yake si undugu tu. "Makumi mbili" inamwambia mtoto waziwazi kuna nini ndani: mafungu mawili ya kumi. "Ishirini" haimwambii kitu, lazima aikariri. Mwaka 1995 Kevin Miller na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wadogo wa China na wa Marekani. Mpaka kumi walikwenda sawa. Baada ya kumi, wa Marekani wakaanza kuachwa, kwa sababu Kichina husema kumi-moja, kumi-mbili, mbili-kumi, lakini Kiingereza kina "eleven" na "twelve", maneno yaliyoificha kumi kabisa. (Kifaransa cha shule zetu nacho hakina huruma: "onze", "douze", "treize".)

Sasa shule. Mtaala wa Uganda wa 2007 ulitaka madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali, lakini penye lugha nyingi kama Kampala, Kiingereza ndicho kinachotumika tangu darasa la kwanza. Mtoto wa miaka minane anaulizwa hesabu kwa Kiingereza, ananyamaza, anapelekwa kukaa na wadogo zake. Mimi naona hapo kilichopimwa ni Kiingereza, hesabu haikuguswa. Kinyume chake pia kipo: anayeimba "one, two, three" mpaka mia bila kukosea, halafu ukimwomba vizibo saba anakupa kiganja kizima.

Kwa hiyo nyinyi mnaopokea watoto, hapa mjini au Nakivale na Kyangwali, mwageni vizibo mezani. Mwambieni mtoto atoe kumi na nne, kwa lugha yake. Kisha avipange vyote kwa mafungu ya kumi, aseme ni makumi ngapi na vimebaki vingapi. Akisema makumi ine na saba, mwandikieni 47, aone 4 ni mafungu na 7 ni vilivyobaki. Ishirini na arobaini atazijua tu, na Kiingereza kitafuata.

Kikifuata, mkae naye zaidi kwenye "thirteen" na "thirty", "fourteen" na "forty". Kwa sikio geni zinafanana sana, na hapo hata sisi wazazi tunateseka: muuza duka akitaja bei haraka, unasimama na noti mkononi hujui kama amesema elfu kumi na tatu au elfu makumi tatu.