Nondo ya Anasa na Kiti cha Pili

Tukizungumzia ndege ndogo za anasa za Waingereza baina ya vita viwili vya dunia, twakusudia hasa Moth ya kampuni ya de Havilland, iliyoruka mara ya kwanza Februari 1925. Mbunifu wake, Geoffrey de Havilland, alikuwa mpenzi wa vipepeo, ndiyo maana akaipa jina la nondo. Kiswahili hakikutafsiri jina hilo: kila chombo cha angani kiliitwa ndege, kama tunavyokiita hapa Goma. Moth ilikuwa na mabawa ya juu na ya chini, yaliyokunjwa ili itoshe katika banda dogo, na viti viwili visivyo na paa, kimoja nyuma ya kingine.

Mmoja wa wenye chombo hicho alikuwa Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza aliyeishi Kenya. Aliinunua Gipsy Moth yake mwaka 1930, akamrusha Karen Blixen juu ya Ngong, kisha akaanza kutafuta tembo kutoka angani. Tarehe 14 Mei 1931, punde baada ya kuondoka Voi, ndege ilianguka ikateketea. Finch Hatton alizikwa katika vilima vya Ngong, na nduguye akamjengea mnara.

Katika kiti cha pili alikuwamo mtumishi wake Mkikuyu, naye akafa. Vitabu vingi humtaja kwa neno moja, Kamau, aghalabu katika sentensi hiyo hiyo ya ajali. Kwa Wakikuyu jina hilo hurithiwa kwa babu, na wenye kulichukua ni maelfu.