Santuri ya Norwei na Masikio ya Ubena

Katika muziki wa Ulaya ya Kaskazini umo mmoja uitwao metali nyeusi, ambao mtu ausikiapo mara ya kwanza hudhani ni kelele tupu. Magitaa hunguruma bila kupumzika, ngoma hupigwa kwa kasi ya kutisha, na mwimbaji haimbi, bali hupiga ukemi kama mtu aliyefiwa. Lakini iko namna yake ya kisimfoni, ambayo juu ya ghasia hiyo hutandaza sauti za kinanda mfano wa okestra nzima. Na hapo ndipo huzuni huingia. Santuri ya kundi la Emperor iitwayo In the Nightside Eclipse ni ya namna hiyo, na ni katika zilizo bora. Ilirekodiwa Julai 1993 katika jumba la Grieghallen mjini Bergen, na mwimbaji wake, Ihsahn, alikuwa kijana wa miaka 17.

Uzuri wake umo katika mwendo wa aina mbili kwa wakati mmoja. Abiria wa reli ya TAZARA akaribiapo Makambako huona miti ya kando ikimkimbia, na milima ya mbali haijongei. Ndivyo zilivyo nyimbo hizi: ngoma zakimbia, sauti za kinanda zabadilika polepole, kwa uzito wa kwaya ya sauti nne.

Na kwaya ya sauti nne si kitu kigeni Njombe. Norwei iliingizwa katika Ulutheri mwaka 1537. Wabena waliupata kwa Wamisheni wa Berlin, waliofika Unyakyusa mwaka 1891 na kuingia Ubena kabla ya karne ile kwisha. Mwaka 1524 ulichapwa wimbo wa toba ambao Luther aliutunga kutoka Zaburi ya 130. Tuni yake huanza kwa kushuka ghafula, kama jiwe litupwalo kisimani, kisha hupanda tena bila furaha. Sikio lililolelewa na tenzi za ukoo huo halipotei sana katika santuri hii. Hata wimbo wake wa mwisho, wenye jina la Kiitalia, ni wimbo wa kumsifu Shetani: vijana waliotaka kuliasi kanisa walikwenda kuazima kanisani umbo la sifa zao.

Walakini mwenye kuisifu asifiche mambo. Mpiga gitaa mmoja wa kundi hilo alihukumiwa kwa kuchoma kanisa la Skjold mwaka 1992. Mpiga ngoma alihukumiwa kifungo cha miaka 14 kwa kumwua mtu Lillehammer mwaka huo huo. Wako wasemao kwamba hayo ni ya watu, si ya muziki. Jibu hilo ni jepesi mno, hasa kwa msikilizaji wa Njombe.

Maana Njombe nako misheni ilishambuliwa. Septemba 1905, katika Vita vya Maji Maji, wapiganaji wa Mtwa Mbeyela waliuvamia mji wa misheni wa Yakobi. Hawakuwa wakitafuta huzuni ya kutungia nyimbo. Walikuwa na ardhi, kodi na kazi za shuruti mbele ya macho yao, na Wajerumani walikuja na bunduki. Walipokwisha kushindwa, nyumba na mazao yalichomwa kwa amri, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Vijana wa Norwei walijichagulia usiku wao, katika nchi yenye amani na shibe. Wabena waliletewa wao.

Basi santuri hii yafaa kusikilizwa Njombe, katika baridi ya Julai, ukungu unapofunika mashamba ya chai; na sauti za kinanda zinastahili sifa zote. Lakini moto wa Skjold usipewe heshima ya kuitwa uasi mbele ya watu ambao babu zao waliujua uasi wenyewe, wakala mizizi ya porini baada yake.