Asili ya Elimu ya Ngumi katika Uchina

Mtu aulizapo asili ya elimu ya ngumi katika Uchina, aghalabu hujibiwa kwa hadithi. Huambiwa kwamba mtawa wa dini ya Buda, jina lake Bodhidharma, alitoka Bara Hindi akafika katika nyumba ya watawa ya Shaolin, penye mlima Song katika jimbo la Henan. Kwamba alikaa pangoni miaka tisa akiukabili ukuta kwa tafakuri. Na kwamba alipoona watawa wamedhoofika kwa kuketi, aliwapa mazoezi ambayo ndiyo chemchemi ya ngumi zote. Akiuliza zaidi, huambiwa juu ya chemchemi ya pili, laini kuliko ya kwanza, iliyobubujika katika mlima Wudang kwa Zhang Sanfeng, mfuasi wa Tao aliyejitenga na watu. Hadithi hizi ni tamu, na utamu wake umezisafirisha mbali. Lakini utamu wa neno si ushahidi wa neno.

Mwaka 1930 mwanasheria mmoja wa Kichina, Tang Hao, alizichukua hadithi hizi mbili akazipima kama mashahidi wapimwavyo barazani. Kitabu chake juu ya Shaolin na Wudang kilikata shauri kwamba Bodhidharma hakufundisha ngumi, wala Zhang Sanfeng hakuzianzisha. Walimu wengi wa fani hiyo walikasirika, nao walikuwa na sababu. Katika nchi ambayo mwanafunzi humwita mwalimu wake baba, kumkana babu wa chuo ni kama kuitukana nyumba nzima. Walakini Tang Hao hakuwa adui wa ngumi. Alikuwa mwenye kuzipenda na kuzitenda, na swali lake lilikuwa zito: je, fani njema yahitaji uongo ili iheshimiwe?

Ushahidi wa Shaolin wapatikana katika mawe na vitabu. Nyumba hiyo ilijengwa karibu na mwaka 495, kwa ajili ya mtawa mwingine wa Kihindi aliyeitwa Batuo. Mwaka 621 watawa wake walimsaidia Li Shimin, ambaye baadaye alikuwa mfalme, katika vita vyake na Wang Shichong, wakamkamata mtoto wa ndugu wa adui huyo. Jiwe lililochongwa mwaka 728 limehifadhi barua ya Li Shimin pamoja na majina ya watawa 13 walioshiriki. Jiwe lasimulia vita, shukrani na mashamba yaliyotolewa kuwa tuzo. Halimtaji Bodhidharma kuwa mwalimu wa mapigano, wala halielezi namna yo yote ya kupigana.

Silaha iliyowapa watawa sifa ilikuwa fimbo ndefu, na sifa yenyewe ilivuma hasa katika karne ya 16. Cheng Zongyou, aliyejifunza Shaolin zaidi ya miaka 10, aliandika mwanzoni mwa karne ya 17 kwamba watawa walikuwa wakijitahidi katika ngumi kwa kuwa ngumi hazijaenea bado katika nchi, nao walitaka kuzifikisha daraja moja na fimbo. Basi katika siku zake ngumi za Shaolin zilikuwa bado changa. Tena watawa waliitaja fimbo kuwa zawadi ya Jinnaluo, mlinzi mtukufu wa nyumba yao, wala si ya Bodhidharma.

Jina la Bodhidharma liliingia kwa mlango wa kitabu cha mazoezi ya mwili kiitwacho Yijin Jing, maana yake Kitabu cha Kugeuza Kano. Nakala zake hazivuki mwaka 1624 kurudi nyuma, lakini kina dibaji idaiwayo kuandikwa mwaka 628 na jemadari Li Jing. Mwanachuoni Ling Tingkan, aliyefariki mwaka 1809, aliisoma dibaji hiyo akaikuta imejaa makosa ya historia ambayo jemadari wa zama hizo asingaliyafanya. Hata hivyo, kutoka mazoezi ya kano mpaka ngumi ilikuwa hatua fupi, na wengine waliivuka. Mwanzoni mwa karne ya 20 riwaya ya Liu E na vitabu vya mafunzo vya bei ndogo viliitangaza habari hiyo mpaka ikawa kama jambo lisiloulizwa.

Habari za kweli za ngumi hazianzi pangoni. Zaanza katika kambi ya askari. Jemadari Qi Jiguang, aliyeishi tangu mwaka 1528 hata 1588, alipewa kazi ya kuwafukuza maharamia katika pwani ya Zhejiang. Aliandikisha wakulima na wachimba madini, akawapanga katika vikosi vidogo ambamo kila mtu alikuwa na silaha yake na wajibu wake kwa mwenzake. Kitabu chake cha mafunzo, kilichokamilika karibu na mwaka 1560, kina mlango mmoja wa ngumi wenye mikao 32, aliyoichagua katika mafundisho mbalimbali ya siku zake. Jemadari hakujidanganya. Alikiri kwamba ngumi hazifai kitu katika vita vikubwa. Faida yake ni kuulainisha mwili na kuwa mlango wa mwanafunzi kuingia katika elimu ya silaha. Na kitabu hicho kilipopangwa upya mwaka 1584, mlango wa ngumi uliachwa nje.

Hapa pana fundo la habari nzima. Ngumi hazikuwa na nguvu ya kuamua vita, na kwa hivyo zilikuwa huru kutafuta kazi nyingine. Katika karne ya 17 wapiganaji na wasomi walianza kuziunganisha na pumzi, na utunzaji wa afya, na mawazo ya kale ya yin na yang, yaani nguvu mbili zipinganazo na kukamilishana kama kivuli na jua. Falsafa haikuzaa ngumi, wala ngumi hazikuzaa falsafa. Zilikutana zikiwa watu wazima, zikaoana.

Ndoa hiyo yaonekana katika kijiji cha Chenjiagou, wilaya ya Wen, katika Henan. Chen Wangting, aliyekuwa kiongozi wa askari wa wilaya katika siku za mwisho za ufalme wa Ming, alirudi nyumbani baada ya ufalme huo kuanguka mwaka 1644. Ukoo wake ulihifadhi ngumi ambazo sehemu kubwa ya mikao yake, kwa hesabu ya Tang Hao, ni ile ile ya Qi Jiguang. Ukoo huo ulizirithisha kwa vizazi, na katika karne ya 19 mtu wa nje, Yang Luchan, alijifunza kwa Chen Changxing, kisha akazipeleka Beijing. Ngumi hizo ndizo zijulikanazo leo kwa jina la taijiquan.

Zhang Sanfeng naye aliingia kwa njia ya siasa na maombolezo. Mwaka 1669 mwanachuoni Huang Zongxi aliandika maneno ya kaburi la rafiki yake, mpiganaji Wang Zhengnan. Aligawa ngumi mafungu mawili: za nje, ambazo ni za Shaolin, na za ndani, ambazo alizinasibisha na Zhang Sanfeng. Huang alikuwa amepigana na Wamanchu waliokuja kutoka ng’ambo ya mipaka kuitawala Uchina, na dini ya Buda nayo ilitoka nje. Wanahistoria kadhaa wameona katika mgawanyo huo sauti ya mtu aliyeshindwa, akisema kwamba kilicho cha ndani na laini kitakishinda kilicho cha nje na kigumu. Kama ndivyo, maneno hayo ni ushahidi wa huzuni ya mwandishi kuliko kuwa ushahidi wa asili ya ngumi.

Kuamini hadithi kuliko ukweli kulilipiwa kwa damu mwaka 1900. Wanachama wa Yihetuan, vijana wa mashamba waliochoshwa na njaa na ubabe wa mataifa ya kigeni, walifanya mazoezi ya ngumi pamoja na ibada za kupandwa na pepo, wakiamini kwamba risasi hazitawaingia. Majeshi ya mataifa manane yaliingia Beijing mwezi wa Agosti, na Uchina ikatozwa fidia ya tael milioni 450 za fedha. Msomaji wa Afrika ya Mashariki ataikumbuka imani iliyofanana na hiyo katika Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905. Hakuna haki ya kuwacheka waliokufa. Ujasiri wao ulikuwa wa kweli. Kilichowasaliti ni ahadi, si mwili.

Baada ya hapo wapenzi wa ngumi walilazimika kujieleza upya. Chama cha Jingwu kiliundwa Shanghai mwaka 1910, kikafundisha hadharani yale yaliyokuwa yakifichwa katika koo na nyumba za walimu. Sun Lutang alitoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1915, akazieleza ngumi kwa lugha ya wasomi kuwa njia ya kumwongoza mtu katika afya na tabia njema. Mwaka 1928 serikali ilianzisha Chuo Kikuu cha Ngumi za Taifa katika Nanjing. Chuo hicho kiligawanywa kwanza katika malango mawili, lango la Shaolin na lango la Wudang. Mara ugomvi ukazuka baina ya wakuu wake, na mgawanyo huo ukafutwa. Mwaka huo huo askari wa jemadari Shi Yousan waliichoma moto nyumba ya Shaolin. Hivyo Tang Hao alipoandika mwaka 1930, hakuandika juu ya mambo ya kale tu. Watu wazima walikuwa wakigombana kwa ajili ya mababu wawili ambao hawakuwa na habari za ngumi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Tang Hao alikwenda Chenjiagou mwenyewe kutazama maandishi ya ukoo. Alifariki mwaka 1959. Hasira za walimu zilipoa, na fani haikufa kwa kuambiwa ukweli. Mwaka 1956 mpango mfupi wa taijiquan wenye mikao 24 ulitangazwa kwa watu wote, na mwaka 2020 UNESCO iliiandika taijiquan katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Jibu la swali lake limo katika mazoezi yenyewe. Mwanafunzi mpya husimamishwa kwanza, magoti yamekunjwa kama aliyepanda farasi, mpaka mapaja yatetemeke. Hafundishwi siri yo yote ila kusimama. Baadaye husukumana mikono na mwenzake, viganja vimegusana, kila mmoja akisikiliza kwa ngozi nguvu ya mwingine ianzapo. Asukumwaye hapingi, huuacha upande ule uwe mtupu, na msukumaji akikosa cha kusukuma hupotewa na mizani yake mwenyewe. Yin na yang hapo si maneno ya kitabuni. Ni jambo lijulikanalo kwa nyayo, nalo halifunuliwi kwa siku moja wala kwa mwaka mmoja. Neno gongfu, ambalo dunia hudhani ni jina la ngumi, maana yake ni ustadi upatikanao kwa kazi na muda.

Basi hadithi ya pango haikuipamba fani hii; iliipunguza. Ilimpa mtakatifu mmoja sifa ya kazi iliyofanywa na askari wa pwani, watawa wenye fimbo, wakulima wa kijiji kimoja, na maelfu ambao majina yao hayakuandikwa. Aliyewarudishia watu hao haki yao alidhaniwa kuwa mvunjaji, kumbe alikuwa mwanafunzi mwaminifu kuliko wengi.