Aksoloti: amejaa katika basini za dunia, kwao amebaki wachache

Leo tunatoka kidogo Kivu na kwenda mbali, hadi Meksiko. Huko kuna mnyama wa maji anayeitwa aksoloti. Hivi leo analelewa kwa maelfu katika nyumba za watu na katika maabara za nchi nyingi. Lakini katika maji ya kwao ni shida kumwona hata mmoja. Historia yake imepita miaka 150, na ndani yake kuna swali ambalo wengi wetu tunalijua: kuongezeka ugenini, je, kunatosha kama nyumbani hapakaliki tena?

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Hapa kwetu hayuko. Aksoloti ni wa ukoo wa salamanda, na kusini mwa Sahara hakuna salamanda wa asili. Fikiria kiluwiluwi cha chura ambacho kimekua hadi sentimita 20 au 30, kina miguu minne, mkia bapa, na matamvua ya kupumulia yanayotokeza nyuma ya kichwa kama manyoya. Chura akikua hupoteza mkia na kutoka majini. Aksoloti hatoki. Anabaki na sura ya utoto maisha yake yote, na anazaa akiwa hivyo hivyo. Akikatika mguu, unaota mwingine pamoja na mifupa yake. Ndiyo sababu wataalamu wanampenda.

Kwao ni maziwa ya Xochimilco na Chalco, katika bonde ambalo leo limejaa mji mkuu wa Meksiko. Waazteki, wakaaji wa zamani wa bonde hilo, walirundika matope na majani ndani ya maji wakapata mashamba yanayoitwa chinampa, na kati ya shamba na shamba wakaacha mifereji. Aksoloti aliishi katika maji hayo. Watu walimla, wakamtumia pia kama dawa. Jina lake ni la lugha yao, Kinahuatl.

Vita ndivyo vilivyomtoa. Kuanzia mwishoni mwa mwaka wa 1861 Ufaransa ilipeleka askari Meksiko, wakati wa mfalme Napoleon III. Mwaka wa 1864, aksoloti 34 waliotoka huko walifika Paris, katika bustani ya wanyama iliyoitwa Jardin d'Acclimatation. Sita kati yao walipewa mtaalamu Auguste Duméril: madume watano na jike mmoja. Mwezi wa Januari 1865 jike huyo alitaga. Mayai yakaanguliwa, na kufikia Septemba watoto walikuwa wakikaribia ukubwa wa wazazi wao. Kisha Duméril akaona ajabu: baadhi yao walipoteza matamvua, wakabadilika rangi, wakawa wanyama wa nchi kavu. Wazazi walikuwa bado majini na sura yao ile ile.

Habari hiyo ilisambaa haraka. Duméril aligawia wataalamu wengine mayai na watoto, nao wakazalisha na kugawa tena. Kutoka wazazi hao wachache wa Paris, aksoloti walienea Ulaya, kisha Marekani. Wanahistoria wa sayansi wanalihesabu kundi hili kuwa la kale kuliko yote kati ya wanyama wa maabara wanaozaliana bila kukatika.

Iliwezekanaje kuenea hivyo? Jibu liko katika mayai. Jike mmoja anaweza kutaga mayai mia kadhaa kwa mara moja, hata kupita 1,000. Anayabandika moja moja kwenye majani ya majini au mawe. Baada ya wiki mbili au tatu, kwa kutegemea joto la maji, anatoka mtoto wa sentimita moja hivi. Siku mbili tatu za kwanza anaishi kwa kiini alichobaki nacho tumboni. Hapo ndipo kazi ya mlezi inapoanza, kwa sababu mtoto huyo hali kitu kisichotikisika. Anahitaji vidudu vidogo sana vya majini, vilivyo hai, kila siku. Kwa hiyo anayelea watoto 500 analazimika kufuga pia chakula chao katika vyombo vingine.

Maji nayo ni kazi. Yanataka kuwa ya baridi, nyuzi 16 hadi 18 hivi. Yakipita nyuzi 24 wanyama wanataabika. Mabaki ya chakula yanaoza haraka, kwa hiyo mlezi anabadilisha maji kila siku, basini moja baada ya nyingine. Na wakibanana, watoto wanaumana miguu na matamvua kwa kudhani ni chakula. Inabidi kuwagawa katika vyombo vingi na kuwatenga wakubwa na wadogo. Miguu iliyoumwa itaota tena, lakini mtoto aliyejeruhiwa mara nyingi anaweza kufa. Kutaga ni kazi ya jike wa siku moja au mbili. Kufikisha watoto hao kwenye utu uzima ni kazi ya mtu kwa karibu mwaka mzima.

Ndiyo maana historia hii inawadai shukrani watu wa subira. Katika miaka ya 1870, mjini Freiburg, Ujerumani, mtaalamu August Weismann alitaka kujua kama aksoloti anaweza kuzoeshwa nchi kavu. Yeye mwenyewe alijaribu akashindwa. Aliyefaulu ni mwanamke, Marie von Chauvin, ambaye alichukua watoto wachache, akawalisha vizuri, na kuwapunguzia maji kidogo kidogo hadi wakageuka. Weismann alikiri kwa maandishi kwamba uangalifu wa mama huyo ndio uliofanikisha.

Na huko Meksiko kwenyewe, katika mji wa Pátzcuaro, watawa wa shirika la Mtakatifu Dominiko wanalea jamaa ya aksoloti anayeitwa achoque, ambaye hupatikana katika ziwa la mji huo tu. Wanatengeneza dawa ya kikohozi inayotokana naye, na mauzo yanasaidia nyumba yao. Walipoona anaadimika ziwani, walianza kumzalisha wenyewe. Leo wanao mamia katika matangi ndani ya nyumba ya watawa.

Sasa turudi Xochimilco. Wahispania waliuteka mji wa Waazteki mwaka wa 1521, na katika karne zilizofuata maziwa ya bonde yalikaushwa ili kuzuia mafuriko na kupanua mji. Chalco ilikauka karibu yote. Xochimilco ilibaki mifereji, nayo ikapokea maji machafu ya mji. Kisha katika miaka ya 1970 na 1980 viliingizwa samaki wa kigeni ili watu wapate chakula: kapi wa Asia na tilapia wa Afrika. Ndiyo, tilapia tunayemjua sisi. Samaki hao walikula mayai na watoto wa aksoloti.

Sisi wa Kivu tunajua kwamba kuhamisha samaki kunaweza kuleta heri. Sambaza wetu waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wanalisha familia nyingi. Lakini Xochimilco tayari palikuwa na mwenyeji aliyezoea kuishi bila adui kama hao. Hesabu za wataalamu zinaonyesha matokeo: mwaka wa 1998 walikadiria aksoloti 6,000 kwa kilometa moja ya mraba, mwaka wa 2008 walikuwa 100, mwaka wa 2014 walikuwa 36 tu.

Mtu anaweza kuuliza: kama basini za dunia zimejaa, kwa nini wasimwagwe tu ziwani? Haiwezekani, kwa sababu tatu. Wa kwanza walikuwa wachache mno, kwa hiyo wengi wa ugenini ni ndugu wa karibu, na wengine walichanganywa na salamanda wa aina nyingine huko Marekani. Pili, wanaweza kubeba magonjwa. Tatu, maji bado ni machafu na wale samaki bado wapo. Kuwarudisha bila kutengeneza mahali pao ni kuwapeleka kufa.

Kwa hiyo watafiti wa chuo kikuu cha taifa cha Meksiko, akiwemo Luis Zambrano, walianza na mahali. Pamoja na wakulima wa chinampa wanaziba mifereji midogo kwa vizuizi vinavyochuja maji na kuzuia samaki, na wakulima wanaacha kutumia sumu mashambani. Kisha wakaachia aksoloti 18 waliozaliwa katika matangi, kila mmoja akiwa na kifaa cha kumfuatilia, katika mfereji uliotengenezwa hivyo na katika bwawa moja mjini. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2025: wote 18 walikuwa hai muda wote wa kufuatiliwa, na wale waliokamatwa tena walikuwa wameongeza uzito. Walijua kuwinda, ingawa hawakufundishwa na mtu.

Mtu si mnyama, na shida za waliohama hazilinganishwi na za aksoloti. Ila jambo moja lipo wazi. Kulea vizuri ugenini kuliokoa uzao usipotee, na kazi hiyo isidharauliwe. Lakini kurudi kulianza siku wakulima walipoacha sumu na kuziba mfereji, kabla hata mnyama mmoja hajaachiwa majini.