Likizo Tuipeleke Wapi? Ziwa Tanganyika na Kumbukumbu Zake

Siku za kazi zikiisha na siku za kupumzika zikifika, kila mtu hujiuliza: twende wapi? Mwenye konje ya wiki mbili hataki kuimaliza akikaa mbele ya mlango wake. Mwalimu naye hapendi kurudi shuleni bila habari ya kuwasimulia watoto. Wengine hutafuta hoteli nzuri na kinywaji baridi. Wengine huenda mahali fulani kwa sababu tu jirani yao alikwenda huko. Sisi hatuwalaumu, maana mwili uliochoka una haki ya kupumzika. Lakini safari hula fedha, na fedha ya safari hairudi. Basi yafaa msafiri arudi nyumbani na kitu kitakachodumu.

Kwa maoni yetu, anayechagua mahali pa likizo atafute mambo matatu: uzuri wa nchi, habari za zamani, na desturi za watu wanaokaa hapo. Penye moja panaburudisha. Penye yote matatu panafundisha. Wala si lazima kuvuka bahari ili kuyapata. Leo twataka kuzunguka Ziwa Tanganyika pamoja nawe, msomaji mpenzi, ili uone kwa mfano namna ya kuchagua.

ZIWA LENYEWE

Ziwa hili lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake chafika mita 1,470. Katika dunia nzima, ziwa moja tu lashinda kina hicho, nalo ni Baikal la Urusi. Nchi nne zanywa maji yake: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Humo mna samaki wa aina mamia, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote. Wale wadogo tunaowaita ndakala, watu wa Kigoma huwaita dagaa. Mukeke wa Uvira na Bujumbura ndiye mgebuka wa Kigoma. Usiku usio na mwezi wavuvi huwasha taa zao, na mtu aliye mlimani huona kama nyota zimeshuka majini.

Maji ya ziwa hutokea mahali pamoja tu, katika mto Lukuga huko Kalemie, nayo huenda hata Lualaba, na kutoka Lualaba hata baharini. Mwingereza Cameron alipofika hapo mwaka 1874 aliukuta mto umejaa matete. Baada ya miaka michache maji yalikivunja kizuizi hicho, na ziwa likapungua sana. Lakini ziwa hupanda pia: mwaka 2021 na mwaka 2024 maji yaliingia katika nyumba za watu wa Kalemie, Uvira na Bujumbura. Kwa hiyo anayekwenda kutazama uzuri wa ziwa akumbuke kwamba wenyeji hulipenda na kuliogopa pia.

UJIJI

Tuanze ng'ambo ya mashariki, Ujiji, karibu na Kigoma. Burton na Speke walifika hapo mwaka 1858, lakini hawakufungua njia. Waliifuata njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupita Tabora. Katika njia hiyo zilikwenda nguo, shanga na bunduki, zikarudi pembe za ndovu na watu wenye makongwa shingoni. Wengi wa watu hao walitoka upande wetu, Manyema na nchi zinazoizunguka. Walivushwa ziwa kwa mitumbwi, na waliosalimika wakapelekwa pwani kwa miguu, safari ya miezi.

Hapo Ujiji, mwaka 1871, Stanley alimkuta Livingstone, mzee mgonjwa ambaye watu wa Ulaya walidhani amekufa. Leo pana nguzo ya kumbukumbu, na miembe ambayo watu husema ni uzao wa mwembe wa zamani. Wageni wengi hupiga picha na kuondoka. Sisi twamwambia msafiri: usiondoke bado. Tembea mtaani, usikilize watu wakiongea. Utawakuta wenye asili ya Manyema, ambao mababu zao walivuka kutoka Kongo, wengine wakiwa wapagazi, wengine wakiwa watumwa. Na lugha hii tunayokuandikia sasa, je, ilifikaje Kasongo, Kalemie na Kisangani? Ilikuja na misafara hiyo hiyo. Tippu Tip na wenzake wa Unguja waliileta pamoja na bunduki zao. Ni jambo la ajabu: kitu kinachotuunganisha leo kilisafiri katika njia moja na kile kilichotutenga na ndugu zetu.

JIWE LA MUGERE

Kutoka Kigoma, anayesafiri kaskazini kwa mtumbwi wa mashine hupita Gombe. Hapo Jane Goodall, aliyefariki mwaka 2025, alianza mwaka 1960 kuwachunguza sokwe. Aliona sokwe akichukua kijiti, akikisafisha, akikitumia kuvua mchwa kichuguuni. Na wataalamu waliokuwa wakisema kwamba binadamu peke yake hutengeneza vyombo wakalazimika kufikiri upya. Pori hilo lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968.

Kisha twafika Burundi. Kusini ya Bujumbura, huko Mugere, pana jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley. Watu wengi hudhani kwamba hapo ndipo walipokutana. Sivyo. Walikwisha kukutana Ujiji, kisha wakaja huku pamoja mwezi wa Novemba 1871 kutafuta jibu la swali moja: mto Rusizi waingia ziwani au watoka? Kama ungetoka, ziwa lingeweza kuwa chanzo cha Nili. Waliona kwamba waingia, na dhana ile ikaanguka. Basi hata jiwe laweza kumpoteza mtu asiyeuliza. Na wavuvi wa Rusizi, waliozaliwa ukingoni mwake, walijua tangu zamani maji yaenda wapi.

KALEMIE NA MELI YA WAJERUMANI

Tuvuke sasa hata upande wa Kongo. Kalemie, uliokuwa ukiitwa Albertville hata mwaka 1966, ulipata njia ya gari la moshi kutoka Kabalo mwaka 1915. Wakati huo vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimefika ziwani. Wajerumani walikuwa na meli zao Kigoma. Waingereza wakaleta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka kusini mwa Afrika. Ziliburutwa porini na milimani kwa mashine za mvuke na ng'ombe, na Wakongo wengi walikata miti na kutengeneza barabara. Vitabu vyataja jina la kapteni wa mashua. Majina ya waliobeba mizigo hayakuandikwa.

Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande. Mwezi wa Julai 1916 wenyewe waliizamisha ili isitekwe. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ilianza kazi tena kwa jina jipya: Liemba, jina la zamani la sehemu ya ziwa hili. Meli ya vita ikawa meli ya kubeba mama wa soko na magunia yao ya dagaa.

MPALA

Kusini ya Kalemie yapo Mpala na, mbele zaidi, Moba na Kirungu, chini ya milima ya Marungu yenye hewa ya baridi. Hapa, msomaji, twakuomba ukae siku nyingi kidogo.

Mwaka 1883 afisa Mbelgiji, Emile Storms, alijenga ngome Mpala. Karibu naye alikuwapo mtemi Lusinga, mtu mwenye nguvu na bunduki, ambaye naye alikamata watu na kuwauza. Hawakuweza kukaa pamoja. Mwezi wa Desemba 1884 askari wa Storms walikishambulia kijiji cha Lusinga, wakamwua, wakamkata kichwa. Storms aliporudi kwao alilichukua fuvu hilo, pamoja na sanamu ya mti ya ukoo wa Lusinga, kazi nzuri ya mafundi wa Kitabwa. Sanamu iliingia katika jumba la makumbusho la Tervuren, na fuvu likawekwa Brussels pamoja na vitu vya elimu ya viumbe. Katika uwanja mmoja wa Ixelles watu walimsimamishia Storms sanamu ya heshima. Iliondolewa mwaka 2022.

Mwaka 1885 ngome ya Mpala ilipewa Mapadri Weupe. Mwaka 1887 alifika Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa, aliyewakinga wakimbizi wasikamatwe na watu wa Rumaliza, mkubwa wa biashara ya Ujiji. Alioa mke wa huko, Agnes Atakaye, akakaa Mrumbi, na hakurudi kwao hata alipofariki mwaka 1927. Kirungu, mwaka 1917, Stefano Kaoze alipewa upadri, Mkongo wa kwanza wa wakati huo. Na ng'ambo, huko Karema, aliishi Adriani Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akauzwa utotoni, akakombolewa, akasomeshwa udaktari Malta. Alifika ziwani, akawatibu wagonjwa hata alipofariki mwaka 1956.

Tazama, basi: mahali pamoja pana mwuzaji wa watu, mkata kichwa, mlinzi wa wakimbizi, na mtumwa aliyefanywa mganga. Mtu akikusimulia habari ya mmoja tu, amekupa nusu ya chakula. Mwulize mzee wa Mpala habari za Lusinga, kisha mwulize habari za Joubert. Huenda majibu yasipatane. Yaandike yote mawili.

KALAMBO

Mwisho wa safari yetu ni kusini, mpakani mwa Zambia na Tanzania, penye maporomoko ya Kalambo. Mto waanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Mtu angeridhika na hayo. Lakini juu ya maporomoko, kando ya mto, wataalamu walifukua magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa kwa mikono, na mwaka 2023 walitangaza kwamba umri wake wafika miaka 476,000. Ndiyo kazi ya zamani kuliko zote zilizopatikana duniani ya kuunga miti. Anayesema kwamba kandokando ya ziwa letu hapakuwa na habari kabla ya wageni, apelekwe Kalambo.

NAMNA YA KUCHAGUA

Hatumshauri mtu azunguke ziwa lote kwa likizo moja. Achague sehemu moja, akae. Aende wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hata Septemba, barabara zikiwa kavu. Lakini akumbuke kwamba upepo wa kusini hutikisa ziwa sana miezi hiyo, wala asipande mtumbwi uliojaa kupita kiasi. Kabla ya kutoka aulize kwa watu wa huko habari za usalama, maana vita vimefunga njia nyingi upande wetu, na njia iliyokuwa wazi mwaka jana huenda mwaka huu haipitiki. Fedha yake aitumie kwa wenyeji: anunue samaki kwa mama wa pwani, alale kwa mwenye nyumba ya wageni wa hapo, amlipe kijana anayejua njia. Asinunue pembe za ndovu wala sanamu za zamani zilizotolewa kwa siri katika nyumba za wazee. Ya Lusinga yatosha.

Jambo kubwa zaidi ni hili. Kandokando ya ziwa hili pana nguzo na mawe ya kuwakumbuka wasafiri wawili watatu. Lakini waliovushwa kwa makongwa, wapagazi waliokata barabara ya mashua, wavuvi waliojua mto waenda wapi, hao hawana jiwe. Habari zao zimo vinywani mwa wazee tu, na wazee wanakwenda. Mahali pasipotembelewa na watu husahauliwa, na wageni peke yao wakipatembelea, wageni peke yao watapasimulia. Kwa hiyo anayechagua mahali pa likizo achagua pia habari zipi zitabaki.

Safari hii, basi, mchukue mtoto mmoja pamoja nawe, na daftari. Jina la kijiji, jina la mzee, na maneno aliyoyasema: ukirudi na hayo matatu yaliyoandikwa vizuri, likizo yako haikupotea.