Rika Moja, Mwalimu Mmoja

Mwaka 1927 Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi, aliandika makala kuhusu thamani ya jando katika elimu. Wamisionari wengi walitaka jando lifutwe; yeye alikwisha kuliingiza kanisani. Alitambua kwamba Wayao, Wamakua na Wamakonde walikuwa na jambo ambalo shule yenye madawati ilikosa: rika linaloingia pamoja, kufundwa pamoja na kutoka pamoja.

Richard Felder, profesa wa uhandisi wa kemikali katika Chuo Kikuu cha North Carolina State, Marekani, alilifikia jambo hilo kwa njia nyingine. Kuanzia 1990 alilifundisha kundi moja kozi tano kwa mihula mitano mfululizo, akipunguza mihadhara na kuwapa wanafunzi kazi za vikundi. Kisha akawalinganisha na wenzao waliofundishwa kwa mtindo uliozoeleka. Wa kwake walihitimu uhandisi huo kwa wingi zaidi.

Hapo njia zinaachana. Mwari hamhoji kungwi. Felder alihojiwa na kila mtu: nadharia ya mitindo ya kujifunza, aliyoichapisha na Linda Silverman mwaka 1988, ilienea duniani, lakini wanasaikolojia wakaja kuonyesha kwamba ushahidi wa faida ya kufundisha kwa kufuata mitindo hiyo ni haba. Naona kuhojiwa huko ndiko utukufu wa utafiti. Jando la Masasi lilipohakikiwa, mhakiki alikuwa askofu mgeni, naye ndiye aliyeongoza kuamua lipi libaki na lipi liondoke.

Lakini kuna pahali uwanda wa juu wa Makonde unamzidi profesa. Takwimu zake zilionyesha wasichana wakiingia chuoni na sifa sawa na wavulana au kuwapita, kisha wakipoteza kujiamini. Baadhi walisema maoni yao hupuuzwa kikundini. Unyago huwapa wasichana nafasi yao na walimu wao wanawake. Ningeichukua hiyo nafasi hadi kwenye darasa la fizikia Newala, juu ya uwanda huo wa Makonde. Huko maji yako mabondeni, na kwa vizazi wanawake wameyapandisha mlimani kwa vichwa. Msichana anayeujua mlima huo kwa miguu yake akokotoe kwanza, pamoja na wenzake wa kike, nguvu ya pampu inayohitajika kuyafikisha juu. Baadaye wachanganywe na wavulana, na matokeo yapimwe kama Felder alivyoyapima ya kwake, mwaka hadi mwaka, mbele ya wazazi na makungwi wao.